Mazungumzo juu ya Kufufua Motokaa ya Zamani Yenye Turbo

Juma lililopita tulizungumza juu ya betri na nyaya za umeme. Leo tutazungumza juu ya motokaa ya zamani ya mwendo wa kasi yenye turbo: jinsi ya kuifufua, mambo yanayomrudisha fundi nyuma, na jinsi ya kuisawazisha injini ili ifanye kazi bila kujiua. Mwenye kalamu na daftari akae navyo karibu, maana yako mambo matano ya kuandika.

Najua wako watakaosema, "Sisi watu wa Muleba tuna migomba na mibuni. Motokaa ya mashindano yatuhusu nini?" Yatuhusu, ndugu zangu. Lori linalobeba kahawa kwenda Bukoba lina turbo. Basi linalokuleta kutoka Dar es Salaam kupitia Kahama na Biharamulo lina turbo. Kanuni ni moja. Tofauti ni kwamba motokaa ya mwendo wa kasi haimsamehe fundi mvivu. Humpa adhabu upesi, na kwa hiyo humfundisha upesi.

Mfano wetu leo hautoki kitabuni. Ni kazi niliyoifanya mwenyewe katika karakana yangu kando ya barabara kuu, hapa Muleba. Tena nilikosea, na makosa yangu yalimgharimu mtu mwingine. Ndiyo sababu nawaelezeni.

Marehemu kaka yangu alinunua Subaru Impreza WRX iliyotengenezwa Japani mwaka 1994. Gari la namna hiyo lilitolewa mara ya kwanza mwaka 1992. Injini yake ina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, zikitazamana kama watu wanaosukumana mikono. Ukubwa wake ni lita 2, nayo ina turbo. Kaka alilipenda kwa sababu ya mashindano ya Safari, yale yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda mashindano hayo kwa Subaru Impreza, na tangu siku hiyo kaka hakutaka kusikia jina la gari lingine.

Kaka alipofariki, gari likawekwa chini ya banda la mabati kando ya migomba. Likakaa miaka tisa. Kuku wakataga ndani yake. Halafu siku moja mwanawe akaja karakana. Akaniambia, "Shikamoo, baba mdogo. Nataka gari la baba litembee tena. Nimeuza kahawa ya misimu miwili, na fedha ninazo."

Mama yangu, ambaye ni bibi yake kijana huyo, hakuafiki. Alisema gari liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na fedha za kahawa zilipe ada ya chuo ya dada yake. Kijana akajibu kwamba fedha zitatosha vyote viwili, ikiwa kazi itafanywa mara moja tu. Kisha wote wawili wakanitazama mimi. Nami nikasema, "Itafanywa mara moja tu." Likumbukeni neno hilo, maana tutalirudia.

Kwanza tufahamu turbo ni kitu gani. Injini huchoma petroli kwa hewa. Ukitaka nguvu zaidi, sharti uchome petroli zaidi. Na huwezi kuchoma petroli zaidi bila kuongeza hewa. Jambo hilo wazee wetu walilijua zamani sana. Pale Katuruka, karibu na Maruku, wataalamu wamechimba na kuona mabaki ya tanuru za chuma za zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mhunzi hakuacha moto ujivutie hewa wenyewe. Aliusukumia kwa mivukuto, hewa ikapita katika mabomba ya udongo, na moto ukawa mkali hata mawe yakatoa chuma.

Turbo ni mvukuto wa motokaa. Mtu aliyepata hati ya uvumbuzi huo ni injinia wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Turbo ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika fimbo moja. Moshi unaotoka katika injini hulizungusha gurudumu la kwanza. La pili, kwa kuwa limefungwa katika fimbo ile ile, huzunguka pia na kuisukuma hewa safi kwenda katika silinda. Fimbo hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Kitu cha kuilinda isiungue ni utando mwembamba wa oili. Oili ikikatika kwa muda mfupi tu, turbo imekufa.

Tena iko vali ndogo ya kupunguzia. Msukumo wa hewa ukifika kiasi kilichowekwa, vali hiyo hufunguka na kuuacha moshi mwingine upite pembeni, ili turbo isizidi kuongeza mwendo. Vali hiyo ni kama mtu mwenye busara katika nyumba: hasemi mengi, lakini akiondoka nyumba huteketea.

Sasa tuje katika kazi yenyewe.

JAMBO LA KWANZA: Tafuta sababu kabla ya kubadili kifaa.

Tulipoliwasha gari, injini ilinguruma, tukafurahi. Baada ya dakika chache ukatoka moshi wa samawati mzito. Nikafungua bomba la hewa, nikaishika fimbo ya turbo kwa vidole, ikacheza kama jino bovu. Nikasema, "Turbo imekwisha." Kijana akaagiza nyingine iliyotumika kutoka Mwanza. Nikaifunga siku hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili nayo ikafa, kwa moshi ule ule.

Je, turbo ya pili ilikuwa mbovu? Sivyo. Ubovu ulikuwa katika bomba jembamba linaloipelekea oili. Oili ya zamani ilikuwa imeungua na kugeuka masizi magumu ndani ya bomba hilo. Nilipopitisha waya, ulikwama katikati. Turbo ya kwanza ilikufa kwa kiu, nami nikaichukua ya pili nikaiweka katika kiu ile ile. Hapo nilifanya kama mtu anayebadili ng'ombe kila anapokufa, wala hatazami maji ya kisima.

Basi andikeni: turbo ikifa, usifunge nyingine kabla hujasafisha au kubadili bomba la kuleta oili, bomba la kurudisha oili, filta na oili yenyewe. Na kabla ya kuwasha, tia oili safi katika tundu la turbo, kisha izungushe injini bila kuiacha iwake, mpaka oili ifike juu. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Mimi niliiacha, na kijana akalipa turbo mbili.

JAMBO LA PILI: Tundu dogo huiba nguvu nyingi.

Turbo ya tatu ikafungwa kama ipasavyo. Moshi wa samawati ukaisha. Lakini tulipotoka Muhutwe kupanda kwenda Kamachumu, gari lilichoka. Ukikanyaga, lilitoa moshi mweusi na sauti ya mluzi, wala halikwenda. Katika tambarare lilikuwa zuri. Katika mlima lilikuwa kama punda aliyegoma.

Wako walionijia karakana wakasema, "Fundi, hiyo turbo nayo ni mbovu." Safari hii sikuwasikiliza. Nilikaa nikafikiri. Moshi mweusi maana yake ni petroli nyingi kuliko hewa. Lakini kompyuta ya injini hutoa petroli kwa kufuata kipima hewa kilicho mwanzoni mwa njia. Ikiwa hewa imepimwa mlangoni, halafu ikapotea njiani, petroli itatoka kwa hesabu ya hewa ambayo haikufika. Kwa hiyo ilikuwapo tundu baada ya kipima hewa.

Nilitazama mipira yote kwa macho, sikuona kitu. Ndipo nikaziba mdomo wa njia ya hewa kwa kopo, nikafunga vali ya tairi katika kopo hilo, nikasukuma hewa taratibu kwa pampu, huku nikipaka maji ya sabuni. Mpira mmoja mnene, upande wa chini usioonekana, ukatoa mapovu. Ulikuwa na ufa. Injini ikitulia, ufa ulijifunga. Turbo ikisukuma, ufa ulijifungua kama mdomo. Mpira ule ulitugharimu fedha kidogo sana kuliko turbo. Tulipoubadili, mlima wa Kamachumu ukawa mfupi.

Mambo mawili ya kuangalia unapofanya jaribio hili: usisukume hewa kwa nguvu nyingi, maana utatoboa mihuri, na usiache vidole vyako mbele ya kopo, maana likiruka huumiza.

JAMBO LA TATU: Usiongeze nguvu kabla hujahakikisha kila silinda inakula sawasawa.

Hapa ndipo nilipokosea kosa kubwa.

Uso wa Ziwa Viktoria uko meta 1,134 juu ya bahari, na Muleba iko juu zaidi ya ziwa. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi. Kando ya ziwa kanieneo ya hewa hupungua karibu sehemu moja katika nane, ukilinganisha na pwani. Yaani, katika vipande nane vya hewa anavyovuta mtu wa Dar es Salaam, wewe wa Bukoba wapata saba. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Injini yenye turbo yaweza kurudishiwa hewa yake, lakini kwa gharama: turbo sharti izunguke kwa kasi zaidi, na hewa inayosukumwa kwa nguvu zaidi hutoka ikiwa ya moto zaidi.

Mimi niliijua hesabu hiyo. Nikamwambia kijana, "Tumepoteza sehemu moja katika nane. Tuirudishe." Nikaifupisha fimbo ya vali ya kupunguzia kwa kuikaza nati mizunguko mitatu. Geji ikapanda. Gari likaruka kama swala. Kijana akacheka kwa furaha, nami nikajiona fundi mkubwa.

Siku ya nne, tukirudi kutoka Bukoba, nilisikia sauti ndogo, kama changarawe zinazotikiswa ndani ya debe. Ilidumu kwa muda wa pumzi mbili, ikaisha. Nilipaswa kusimamisha gari. Sikusimama. Tulipofika nyumbani, injini ilikuwa inatetemeka, oili imerushwa nje kwa kijiti cha kupimia, na moshi unatoka mahali pa kupumulia.

Nikapima kompresheni. Silinda tatu zilisoma karibu 10 kila moja. Ya nne ilisoma 5. Tulipofungua injini, tuliona pistoni ya nne imevunjika pembeni, katikati ya ringi ya kwanza na ya pili.

Sauti ile ya changarawe ndiyo tunayoiita kugonga kwa injini. Petroli inapochomwa vizuri, moto huanza katika plagi na kuenea kwa utaratibu, kama moto unaopita katika majani makavu. Lakini ikiwa silinda ina joto na kanieneo kupita kiasi, mchanganyiko uliobaki hulipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Mlipuko huo hupiga pistoni kama nyundo. Petroli yenye oktani ndogo hulipuka upesi zaidi. Nazo gari hizi zilitengenezwa kwa petroli bora ya Japani, ambayo oktani yake ni karibu 100. Petroli iliyokaa muda mrefu katika madumu ya kando ya barabara haiwezi kulingana nayo.

Lakini kwa nini pistoni ya nne tu? Nilichomoa nozeli zote nne za petroli, nikazitia katika chupa nne zinazofanana, nikazifungua kwa muda ule ule. Chupa tatu zilijaa sawasawa. Ya nne ilipungua karibu robo. Nozeli ile ilikuwa imeziba nusu. Silinda ya nne ilipata hewa nyingi kama wenzake, lakini petroli kidogo. Na mchanganyiko wenye petroli kidogo katika msukumo mkubwa huchoma kwa joto kali mno.

Na kwa nini nozeli iliziba? Nikafuata uzi nyuma. Filta ilijaa vumbi la kutu. Nikafungua tangi. Ndani mlikuwa na kutu, na utando wa petroli ya miaka tisa uliogeuka kama utomvu. Tulipoanza kazi nilikuwa nimemimina petroli mpya juu ya ile ya zamani, kwa sababu kuliteremsha tangi kungenipotezea asubuhi moja.

Angalieni uzi huo, ndugu zangu. Tangi lilichafua filta. Filta ikachafua nozeli. Nozeli ikainyima silinda. Nami nikaongeza msukumo juu ya silinda yenye njaa. Asubuhi moja niliyoiokoa ilivunja injini nzima.

Jioni ile kijana hakusema neno la hasira. Alikaa juu ya tairi, akauliza, "Baba mdogo, fedha ya injini nyingine itatoka wapi?" Nikakumbuka neno langu: mara moja tu. Fedha iliyobaki ilikuwa ile ya ada ya dada yake. Tuliikalia kwa kikao cha ukoo. Nilisema mbele ya mama yangu na mbele ya binti yule kwamba kosa ni langu, si la gari wala la kijana. Nikajitolea kufanya kazi yote bila ujira na kulipa nusu ya vifaa. Hata hivyo ada ilichelewa, na binti akaanza masomo baada ya wenzake. Alinisamehe. Lakini kila ninapokaza nati ya turbo, namwona yeye.

Nawaambieni jambo hili kwa sababu mafundi tuna tabia mbaya. Kitu kikiharibika mkononi mwetu, twasema, "Kilikuwa kimechoka." Mwenye gari hajui, naye hulipa. Fundi anayesema "nimekosea" hupoteza fedha ya siku moja. Fundi asiyesema hupoteza elimu, kwa maana kosa asilolikiri atalirudia.

JAMBO LA NNE: Sawazisha kwa kupima, badiliko moja kwa wakati mmoja.

Safari ya pili tulianza mahali palipostahili kuanzwa. Tangi liliteremshwa, likaoshwa, likapakwa dawa ya ndani. Filta mpya na mipira mipya ya petroli ikafungwa. Nozeli zikapelekwa Mwanza kuoshwa kwa mashine. Zikarudi, nikazipima tena kwa chupa, na chupa zote nne zikalingana. Siku hizi safari ya Mwanza ni nyepesi, kwa kuwa daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa mwezi wa Juni 2025, na hapana haja ya kungoja kivuko.

Pistoni na ringi zikabadilishwa, beringi pia. Mkanda wa taiming ukawa mpya, pamoja na kapi zake. Msiuonee uchungu mkanda huo: katika injini hii ukikatika, vali hugongana na pistoni zikapinda. Mkanda wa miaka mingi ni mbovu hata kama kilometa zake ni chache, kwa maana mpira huzeeka ukiwa umelala.

Kisha nati ya vali ya kupunguzia ikarudishwa mahali pake, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Nikachomeka katika bomba la moshi chombo cha kupima hewa na petroli. Kwa kawaida, sehemu 14.7 za hewa kwa uzito huchoma sehemu 1 ya petroli bila kubakiza kitu. Lakini injini yenye turbo inapovuta mzigo kwa nguvu zote, huhitaji petroli zaidi ili kupoza silinda, yaani hewa sehemu 11 au 12 tu kwa 1 ya petroli. Yetu ilisoma 11.4. Nikaridhika, lakini si sana. Kwa nini? Kwa sababu chombo kile hupima moshi wa silinda zote nne kwa pamoja. Silinda tatu zilizoshiba zaweza kumficha mwenzao mwenye njaa. Kwa hiyo, baada ya kupanda mlima, nilizima injini nikafungua plagi zote na kuzipanga mezani kwa namba zake. Zote nne zilikuwa na rangi moja ya kahawia hafifu. Hapo ndipo nikaridhika.

Na katika kusawazisha, badili kitu kimoja tu, kisha jaribu, kisha andika. Ukibadili plagi, msukumo na petroli kwa siku moja, gari likienda vizuri hutajua sababu, na likienda vibaya hutajua dawa. Daftari langu la gari lile lina kurasa ishirini na tatu. Ni la bei ndogo kuliko vifaa vyote vya karakana, nalo limeniokolea fedha nyingi kuliko vyote.

Je, ile sehemu moja katika nane tuliirudisha? Hatukuirudisha. Gari lina nguvu kidogo kuliko lingekuwa pwani, nalo li zima. Nani kati yetu anayehitaji mwendo wa Dar es Salaam katika barabara ya Muleba?

JAMBO LA TANO: Breki kwanza, nguvu baadaye.

Kama ningeanza upya, kazi ya kwanza kabisa ingekuwa breki. Gari lililolala miaka tisa lina mafuta ya breki yaliyonyonya maji. Maji hayo huchemka breki zikipata moto katika mteremko, na pedali hushuka mpaka chini bila kushika kitu. Pistoni za breki huota kutu. Mipira ya breki huvimba ndani, ikionekana mizima nje. Shokapu huvuja. Tairi zenye umbo zuri huwa zimekauka kama ngozi ya ngoma. Tulibadili vyote hivyo kabla ya kijana kukabidhiwa ufunguo.

Maana barabara yetu si uwanja wa mashindano. Asubuhi hupita watoto wa shule. Jioni wapo mama wenye mikungu ya ndizi vichwani, na bodaboda wasio na taa. Kibao kikisema kilometa 50, ni 50, hata kama gari lako laweza mara nne yake. Gari lenye nguvu linalosimama vizuri ni mali. Lenye nguvu lisilosimama ni jeneza lenye taa.

Baada ya kazi tuliliendesha kilometa 1,000 za kwanza kwa upole, bila kuisukuma turbo, na oili tukaibadili mapema ili itoe chembe za chuma mpya. Nikamfundisha kijana desturi mbili, nanyi mziandike, wenye malori na wenye mabasi pia. Asubuhi, ukiwasha, usikanyage mara moja. Ingoja oili ifike juu. Na ukitoka mlimani, usizime injini hapo hapo. Iache iungurume polepole dakika moja au mbili, turbo ipoe huku oili ikipita. Ukizima ghafla, oili iliyobaki huungua ndani na kugeuka masizi. Na masizi hayo, kama mlivyosikia, ndiyo yaliyoanza hadithi yetu yote.

Mwezi uliopita kijana alikuja karakana na gari la baba yake. Ndani amekaa bibi yake, mbele, amejifunga kitenge kipya. Walikuwa wanatoka kumpeleka binti chuoni kwa mwaka wake wa pili. Nikamwamkia mama, nikamwuliza safari ilikuwaje. Akaitikia, kisha akasema, "Gari limekwenda vizuri. Lakini mwanangu, mara ya kwanza ungeliosha tangi." Sikuwa na jibu.

Basi, mabibi na mabwana, na tujikumbushe. Kwanza, tafuta sababu kabla ya kubadili kifaa. Pili, tafuta tundu kwa hewa na sabuni, si kwa macho tu. Tatu, usiongeze nguvu kabla ya kuhakikisha kila silinda inakula sawa. Nne, pima, badili kitu kimoja, andika. Tano, breki kwanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini turbo ya pili ilikufa baada ya wiki mbili?
2. Gari linatoa moshi mweusi na halipandi mlima, lakini kipima hewa ni kizima. Utatafuta nini, na kwa njia gani?
3. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kiasi gani ikitoka pwani kuja kando ya Ziwa Viktoria? Ni kwa sababu gani?
4. Chombo cha kupima hewa na petroli kinasoma vizuri. Kwa nini yafaa kutazama plagi pia?
5. Itazame motokaa au pikipiki iliyo karibu nawe. Breki zake zilifunguliwa lini mara ya mwisho?

Jibuni maswali hayo katika kikundi chenu kabla ya somo lijalo. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya rejeta na jinsi ya kuipoza injini milimani. Mpaka hapo, kwaherini, na mwendo mwema.